Daktari Anapofungua Simu Mbele ya Mgonjwa

Zama hizi limezuka jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, nalo laleta maneno mengi katika foleni za hospitali na zahanati. Mgonjwa aingia chumbani, aeleza maumivu yake, apimwa joto na kusikilizwa kifua. Kisha, kabla hajaandikiwa dawa, amwona daktari akitoa simu na kuisoma kwa dakika moja au mbili. Atokapo nje huwauliza wenzake walioketi kwenye benchi: Je, huyu ni daktari kweli, au anajifunza kazi juu ya mwili wangu? Na mwenzake humjibu: Kama dawa zote zimo katika simu, simu hata sisi tunazo, basi kilichotuleta hapa ni nini?

Swali hilo si la mzaha. Mgonjwa akikosa imani na daktari wake, hamezi dawa aliyopewa, au humeza nusu na nyingine akaitupa, au huondoka asirudi tena mpaka maradhi yamemzidi. Kwa hiyo twaona yafaa jambo hili lielezwe kwa urefu. Nasi twasema tangu mwanzo, bila kuficha, kwamba daktari anayo haki ya kutafuta katika mtandao mbele ya mgonjwa, na mara nyingine ni wajibu wake. Lakini haki hiyo ina masharti matatu: amtazame kwanza mgonjwa mwenyewe, atafute mahali panapoaminika, na afanye hivyo waziwazi, akimweleza mgonjwa anatafuta nini.

Tumeichagua Lushoto na Milima ya Usambara iwe mfano wetu, kwa sababu pengine hakuna mahali katika Tanzania panapoonyesha wazi zaidi jinsi kukisia kunavyoweza kumponza mganga.

Homa ya bondeni na homa ya mlimani

Msafiri atokaye Mombo kwenda mjini Lushoto hupanda kwa barabara ya kona nyingi, kupitia Soni, mwendo wa kilomita 30 na ushei tu. Chini ameacha joto na mbu. Juu, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, akuta baridi, ukungu na mashamba ya kabichi. Wataalamu waliopima maambukizo ya malaria katika vijiji vya Usambara, toka vya bondeni hadi vya juu, walichapisha matokeo yao mwaka 2003: kati ya kijiji cha chini kabisa na cha juu kabisa tofauti ilikuwa zaidi ya mara 1,000. Maana yake ni kwamba homa ya mtoto wa Mombo na homa ya mtoto wa Mtae hazina haki ya kupewa jina moja kabla ya kupimwa. Na hapo bado hatujamtaja mkulima wa mlimani aliyeshuka kuuza mboga zake bondeni, akalala huko siku tatu, akarudi na homa ya bondeni katika kijiji cha baridi.

Lakini mazoea ni mwalimu mwenye nguvu. Kwa miaka mingi kila homa iliitwa malaria. Mwaka 2004 wataalamu walitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Katika wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, waliokutwa na vijidudu vya malaria katika damu walikuwa chini ya nusu. Ambao hawakuwa na vijidudu hivyo walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko wale waliokuwa navyo, na baadhi yao hawakupewa dawa ambazo zingeweza kuwaponya na maradhi yao ya kweli. Waganga hao hawakuwa wazembe. Walifanya walivyozoea, wakiwa na wagonjwa wengi na vipimo vichache.

Liko pia jambo la tauni. Mwaka 1980 ugonjwa huo wa kutisha ulizuka katika wilaya ya Lushoto. Haukwisha kwa msimu mmoja. Ulirudi tena na tena kwa miaka zaidi ya 20, hasa katika vijiji vya upande wa Mlalo na Mtae, hata wagonjwa zaidi ya 7,000 wakaandikwa na watu zaidi ya 600 wakapoteza maisha. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Huanza kwa homa, baridi na kuumwa kichwa, kama maradhi mengine mengi, kisha huvimba mtoki kinenani au kwapani. Tena ugonjwa huu haumngoji mtu: usipotibiwa mapema huua wengi, na ukiingia mapafuni bila dawa, ni nadra mtu kupona. Penisilini, ambayo mganga asiye na hakika angeweza kuikimbilia, haifai kitu kwa tauni. Dawa yake ya siku nyingi ni streptomisini.

Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii Lushoto imepata nafuu, nasi twashukuru. Lakini nafuu hiyo yenyewe imezaa hatari mpya. Tabibu kijana aliyetoka chuoni karibuni na kupangiwa zahanati ya juu milimani hajamwona mgonjwa wa tauni hata mmoja. Alisoma habari zake katika ukurasa mmoja wa kitabu, akajibu mtihani, akasahau. Siku moja akija mtoto mwenye homa na mtoki uliovimba, na jirani akataja kwamba panya wamekufa nyumbani, kijana huyo afanye nini? Hakuna wa kumlaumu kwa kutokumbuka asichopata kukiona. Lakini yuko wa kulaumiwa iwapo atakisia, hali ukurasa ule aliousahau anaweza kuupata kwa dakika mbili, pamoja na kipimo cha dawa na amri ya kutoa taarifa kwa wakubwa wake siku ile ile.

Elimu haikai mahali pamoja

Wako wasemao kwamba daktari aliyehitimu yafaa awe na elimu yote kichwani. Tungependa kuwauliza: elimu ya mwaka gani?

Daktari aliyemaliza masomo mwaka 1995 alifundishwa kutibu malaria kwa klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha dawa hiyo kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimeizoea, ikachukua SP. Mwishoni mwa 2006 SP nayo ikaondolewa katika tiba ya kawaida, ikaja dawa mseto. Kwa hiyo katika muda wa miaka 12 tu, elimu aliyotoka nayo chuoni ilibatilika mara mbili. Hadi 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama mwenye mimba ya miezi mitatu ya kwanza akiugua malaria apewe kwinini. Novemba ya mwaka huo shirika likageuza shauri lake, likachagua dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Daktari aliyekwenda likizo mwezi ule na kurudi bila kusoma alirudi akiwa nyuma ya wakati.

Na mabadiliko mengine yametoka papo hapo, chini ya milima hii. Kule Amani, katika Usambara Mashariki, Wajerumani walifungua taasisi ya uchunguzi mwaka 1902, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwinini ilitengenezwa huko kutokana na magome ya miti iliyopandwa pale. Zaidi ya miaka 90 baadaye, hospitali za Muheza na Korogwe, zilizo chini ya milima hiyo hiyo, zilikuwa miongoni mwa hospitali za nchi tisa za Afrika zilizojaribu kama sindano ya atesuneti ni bora kuliko kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Watoto 5,425 walitibiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: kati ya waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100, kati ya waliopewa atesuneti walikufa 8 au 9. Kwinini, iliyotawala kwa vizazi vingi, ikapisha njia.

Mwaka uliofuata ilitoka habari ya kustaajabisha zaidi. Vitabu vilikuwa vikifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, aliyepoa mikono na miguu kwa kuwa damu haizunguki vizuri, aongezwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Uchunguzi uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ambao Hospitali Teule ya Muheza ilishiriki, ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wa namna hiyo, wasiokuwa wa kuhara sana wala wa utapiamlo mkali. Ulikuta kwamba waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: katika saa 48 za kwanza, 10 au 11 katika kila 100, na wale wasiomiminiwa walikufa 7. Uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati wake.

Basi fikirini, wasomaji wetu. Damu iliyoleta elimu hiyo ilikuwa ya watoto wa Muheza na Korogwe. Maandishi yake yalichapishwa ng'ambo. Je, ni haki kwamba tabibu wa Lushoto, aliye mwendo wa saa chache tu kutoka hapo, asiijue elimu hiyo kwa sababu ya kuona haya kufungua simu mbele ya mgonjwa? Elimu iliyotoka katika nchi hii yapasa irudi katika nchi hii, na leo njia ya karibu ya kurudia ni mtandao.

Kutazama si aibu

Tunajua kwamba kinachowaudhi wagonjwa wengi ni kule kuona kwamba daktari hana hakika; simu ni alama yake tu. Lakini hebu tukumbuke desturi zetu. Mganga wa zamani wa Usambara alipiga ramli mbele ya mgonjwa na jamaa zake, akaitazama, akauliza, akatazama tena. Pwani, mganga wa kitabu hakuona haya kukifungua kitabu chake na kukisoma watu wakiwa wameketi mkekani. Hatusemi kwamba ramli na utabibu wa hospitali ni kitu kimoja. Twasema tu kwamba wazee wetu hawakumdharau mganga kwa sababu alitazama kabla ya kusema. Wangalimdharau aliyesema bila kutazama.

Tena ugonjwa kwa Wasambaa haukuwa kamwe shauri la mtu mmoja. Ndugu walikaa, wakapima maneno, wakaamua mgonjwa apelekwe wapi. Desturi hiyo ingalipo. Mama anayeleta mjukuu wake zahanati hakuja peke yake. Nyuma yake wako watu watakaomwuliza jioni: Daktari amesema nini? Daktari anayesoma simu kimya, kisha akaandika karatasi na kuita mwingine, amewanyima watu hao wote jibu. Lakini akisema: "Mama, mtoto huyu nimempima, na dawa ninayotaka kumpa hutegemea uzito wake. Nitatazama katika mwongozo wa Wizara nisije nikakosea," amempa mama huyo neno la kwenda nalo nyumbani. Hapo simu imeongeza imani.

Mwenye shaka na akumbuke habari ya Ifakara. Shirika la Afya Duniani lilitunga orodha ya mambo 19 ambayo wapasuaji na wauguzi hupaswa kuyasoma kwa sauti kabla ya kupasua, wakati wa kupasua na baadaye: jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa, hesabu ya vyombo na mengineyo. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, na matokeo yakatangazwa mwaka 2009. Vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila 100. Wale walikuwa mabingwa waliopasua maelfu ya watu, na bado kusoma waliyodhani wanayajua kuliokoa maisha. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi twaongeza kwamba kusoma si kushindwa.

Hatari zilizopo

Hata hivyo hatutaki kusifu bila kuonya. Malalamiko ya wananchi yana ukweli ndani yake.

Kwanza, simu ni mlango wenye vyumba vingi. Chumba kimoja ni maktaba. Cha pili ni baraza la soga. Cha tatu ni duka la wadanganyifu. Mgonjwa hawezi kujua daktari yumo katika chumba gani, na daktari anayejibu salamu za rafiki zake hali mgonjwa ameshika tumbo anastahili kukemewa. Pili, si kila kilichoandikwa mtandaoni ni kweli. Pako penye utaalamu uliopimwa, na pako penye mtu auzaye mizizi kwa jina la sayansi. Siku hizi zimekuja pia mashine za akili mnemba, zijibuzo kila swali kwa lugha laini na bila kusita, hata pale zinapobuni. Daktari anayechukua jibu la mashine hiyo na kuliandika katika cheti cha dawa bila kulihakikisha amekisia vilevile, ila amekisia kwa mdomo wa mwingine.

Tatu, iko siri ya mgonjwa. Daktari anayepiga picha kidonda na kuituma kwa wenzake ili apate shauri huenda amekusudia mema, lakini mwili ule ni wa mtu mwenye jina na heshima. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Nayo haikutungwa kwa ajili ya mabenki na makampuni peke yake. Nne, lililo zito kuliko yote: simu haigusi tumbo wala haisikii pumzi. Daktari anayetafuta kabla ya kuuliza na kupima hupata majibu mengi ya swali asilolijua. Mkono na sikio vitangulie, simu ifuate.

Yatupasayo kufanya

Kwa Serikali na wenye kuongoza hospitali twasema hivi. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu pamoja na Orodha ya Dawa Muhimu, ambao Wizara ya Afya ilitoa toleo lake la 2021, uwe ndicho kitabu cha kwanza kufunguliwa, nao uwekwe katika chombo cha kila zahanati kwa namna ambayo husomeka hata mtandao ukikatika. Wakaao Usambara wanajua kwamba mlima mmoja waweza kuizuia simu isishike, na kwamba mvua za masika hazibagui nguzo za umeme. Mwongozo utegemeao mtandao peke yake utakosekana siku ile utakapotakiwa. Chombo hicho kiwe mali ya zahanati, kisiwe simu ya tabibu mwenyewe, inayotumia bando alilonunua kwa mshahara wake. Kikiwa cha zahanati, mgonjwa akikiona atajua ni cha kazi, na siri zake hazitatoka jioni katika mfuko wa mtu.

Kwa vyuo vya utabibu twasema kwamba kutafuta ni kazi yenye ufundi wake, kama kushona kidonda, nayo yafaa ifundishwe na kutahiniwa. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao Hinari, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya utabibu bure au kwa bei ndogo. Mwanafunzi afunzwe kuutumia, na afunzwe pia kutambua maandishi ya kuaminika na ya kupotosha.

Kwa madaktari, matabibu na wauguzi twasema: msione haya, wala msifiche. Semeni mnachotafuta, onyesheni mlichokipata, na yanapohitilafiana maandishi na hali ya mgonjwa aliye mbele yenu, mwiteni mwenzenu mwenye uzoefu au mpelekeni mgonjwa hospitali kubwa. Muuguzi mzee aliyefanya kazi Mlalo katika miaka ya tauni anajua mambo ambayo hayamo katika simu yoyote.

Na kwa wananchi twasema: ulizeni. Daktari akifungua simu, mna haki ya kumwuliza, kwa adabu, anatafuta nini na amekuta nini. Anayetafuta kwa ajili yenu atafurahi kuwajibu. Asiye na jibu atakumbuka kuiweka chini. Lakini msimkimbie daktari anayesema "ngoja nihakikishe," mkamfuata yule anayejua dawa kabla hamjafungua kinywa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari naye akificha kutokujua kwake, kifo humuumbua vilevile, ila anayezikwa ni mwingine.